Upungufu wa shilingi 4,294,967,296

Nilikuwa nimefanya uhasibu miaka kumi na moja siku nilipoitwa mwizi kwa mara ya kwanza. Na sikuambiwa nimeiba laki mbili wala milioni mbili. Niliambiwa bilioni nne na ushee. Mtu angeniona ninavyobanana kwenye daladala ya Pasua jioni, nimepakata mkungu wa ndizi, angejua ni mwizi wa aina gani.

Ilikuwa Mei 2019. Masika yalikuwa yamekaza, mlima haujaonekana wiki nzima. Nilikuwa mhasibu wa saccos moja pale Moshi mjini, si kubwa. Wanachama wetu wengi ni wafanyabiashara wa Mbuyuni, Kiboriloni na Memorial, na walimu na manesi wachache. Miaka kadhaa nyuma bodi ilikuwa imemlipa kijana mmoja atutengenezee programu ya kompyuta, na kijana akaweka kwenye skrini, juu kabisa, kisanduku cha kijani chenye jumla ya akiba zote zilizowahi kupokelewa tangu programu ianze. Haikuwa fedha iliyopo benki, wala kitu chochote ambacho mkaguzi angekihitaji. Lakini mwenyekiti alikipenda kile kisanduku kuliko mizania. Mgeni akija, hata kabla hajapewa kiti, anaonyeshwa.

Asubuhi ile kisanduku kilisoma 2,147,105,300. Kwenye saa tano akaja mama mmoja wa mitumba kutoka Memorial na shilingi 612,000 zake zimefungwa kwenye kanga. Keshia akahesabu, akaingiza, risiti ikatoka. Kisha nikasikia ananiita, "Dada, hebu njoo uone."

Kisanduku kilikuwa chekundu. Kilisoma −2,147,249,996.

Tulizima mashine, tukawasha. Vilevile. Tukahesabu fedha ya keshia: imekamilika. Tukafungua akaunti ya yule mama: 612,000 imeingia, salio lake sawa. Tukafungua nyingine kumi, kumi na tano, zote sawa. Ubovu ulikuwa kwenye jumla tu. Kwa akili yangu niliona hiyo ni nafuu. Kwa akili ya mwenyekiti ilikuwa kinyume: vidogo vyote viko sawa ila kikubwa hakipo, basi aliyechukua ni mtu anayejua kazi. Kijana wa programu alipigiwa simu akiwa Arusha, akajibu kwa kujiamini kwamba programu haina tatizo, "labda kuna mtu ameingiza kitu." Hilo neno "kuna mtu" ndilo lililonimaliza, maana ofisini tulikuwa watatu na mmoja ni mlinzi.

Kesho yake wanachama waliweka jumla ya shilingi 1,340,500. Kisanduku kikasoma −2,145,909,496. Mwenyekiti akaitazama hasi ile imepungua, akageukia wajumbe wa kamati ya usimamizi na kusema, "Mnaona? Ameanza kurudisha kidogo kidogo."

Nilicheka. Sikuweza kujizuia. Likaandikwa kwenye muhtasari wa kikao kwamba mhasibu alicheka. Jioni nikapewa barua ya kusimama kazi siku kumi na nne kupisha uchunguzi.

Sasa, mimi nilifundishwa uhasibu na wazee wa daftari, na nilikuwa bado naandika leja ya mkono sambamba na kompyuta. Vijana wa ofisini walikuwa wakinitania kwa hilo. Kwa hiyo nilirudi nyumbani nikiwa na namba zangu mwenyewe. Jumla ya kweli siku ya kwanza: 2,147,717,300. Siku ya pili: 2,149,057,800. Nikatafuta tofauti kati ya ukweli na kisanduku. Siku ya kwanza 4,294,967,296. Siku ya pili 4,294,967,296. Ileile, hadi shilingi ya mwisho.

Mhasibu yeyote akipata tofauti, kabla hajagusa hati hata moja, hufanya mambo mawili. Kwanza huigawa kwa tisa. Ukiandika 45,000 badala ya 54,000, tofauti ni 9,000. Ukiandika 1,830 badala ya 1,380, tofauti ni 450. Tarakimu mbili zikipishana, tofauti lazima igawanyike kwa tisa, haijalishi namba ni kubwa kiasi gani. Na kujua kama namba inagawanyika kwa tisa huhitaji mashine, jumlisha tarakimu zake tu. 4, 2, 9, 4, 9, 6, 7, 2, 9, 6: jumla 58. Tano na nane, kumi na tatu. Moja na tatu, nne. Haigawanyiki, na kinabaki nne. Basi hakuna tarakimu zilizopishana.

Pili huigawa kwa mbili. Kiasi kikiingizwa upande usio wake, debiti badala ya krediti, tofauti huwa mara mbili ya kiasi hicho, kwa hiyo ukichukua nusu unapata kiasi cha kutafuta. Nusu ilikuwa 2,147,483,648. Nikakaa na hiyo namba usiku kucha. Hakuna mwanachama wa Moshi aliyewahi kuweka wala kutoa fedha hiyo kwetu. Angekuja nayo angehitaji fuso. Nikagawa mara moja nikaacha, kwa sababu nilifundishwa kugawa mara moja.

Siku ya tatu nikapanda Noah ya Uru kwenda kwa baba mdogo.

Baba mdogo alifundisha hesabu sekondari zaidi ya miaka thelathini, na wakati ule alikuwa haoni vizuri. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, anasubiri zamu ya upasuaji. Nilimkuta barazani, mvua inapiga migomba, mjukuu wake wa kidato cha tano anamenya ndizi za mtori.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, mama. Umetembea na mvua yote hii, kuna msiba?"

Nikamweleza. Hakuniuliza kama nimeiba, na hilo silisahau. Alisema, "Nisomee hiyo tofauti. Polepole, tarakimu moja moja." Nikasoma. Akakaa kimya, akasema, "Mwisho ni sita?"

"Sita."

"Tisini na sita. Wanachama wenu wanaweka shilingi sita?"

Hapo nilihisi kitu kinanitekenya nyuma ya shingo. Kwetu hakuna anayeweka chini ya mia. Kila muamala kwenye leja yangu unaishia na sifuri mbili. Jumlisha, toa, pishanisha upande, geuza utakavyo, mia na mia hazizai 96. Namba ile haikuwa imetokana na fedha ya mtu. Nilikuwa nimeitazama siku tatu na sikuwa nimeuona mwisho wake, nilikuwa natazama bilioni tu.

"Umeigawa kwa mbili?" Nikasema ndiyo. "Ukapata?" Nikamsomea. "Nayo ni shufwa. Mbona hukuendelea?"

Akaniambia nichukue karatasi, yeye atagawa, mimi niandike. Mzee yule alikuwa anagawa kichwani. 1,073,741,824. 536,870,912. 268,435,456. Anafumba macho, anatikisa mguu, anatoa namba nzima kama mtu anayesoma tangazo ukutani. 134,217,728. 67,108,864. Nilikuwa naandika mbiombio, wino unachafuka kwa unyevu. Kila mara nilitegemea tutagonga namba witiri tusimame, kwa sababu ndivyo namba zilivyo. Chukua yoyote, kwa mfano fedha ya yule mama wa mitumba, 612,000: unaigawa kwa mbili mara tano inakuwa 19,125, inagoma. Hii haikugoma. Mara ya kumi na sita akafika 65,536, akafungua macho.

"Hii naijua. Hii nimeifundisha mpaka nimestaafu." Kuanzia hapo hakugawa tena, aliteremka tu kama anayeshuka ngazi za nyumba yake: 32,768, 16,384, 8,192, 4,096, mpaka nne, mbili, moja. Tukahesabu mistari. Thelathini na mbili.

"Mbili kwa kipeo cha thelathini na mbili," akasema. "Namba yako haina kigawo tasa kingine chochote ila mbili. Mwanadamu haibi hivyo."

Mjukuu, bila kuinua kichwa kwenye ndizi, akasema, "Babu, hiyo ni biti thelathini na mbili. Kompyuta yao imejaa."

Sikuelewa, na baba mdogo akaona sielewi. Akanielezea kwa lugha ya kazi yangu. Fikiria mwezi wenye siku 31, akasema, na kibubu. Tarehe moja weka shilingi moja. Tarehe mbili weka mbili. Tarehe tatu weka nne, kisha nane, kila siku mara mbili ya jana. Tarehe kumi kibubu kina 1,023. Tarehe ishirini kina 1,048,575. Tarehe thelathini na moja peke yake unatakiwa uweke 1,073,741,824, na ukishaweka, jumla ya mwezi mzima ni 2,147,483,647. Daima ni pungufu ya moja kuliko kiasi ambacho ungeweka siku inayofuata, lakini hakuna siku inayofuata, mwezi umeisha. Kompyuta huandika namba kwa kuchagua siku zipi zimewekewa na zipi zimerukwa. Kijana wenu aliipa jumla nafasi 32, ndizo hizo biti: 31 za siku, moja ya kuonyesha chanya au hasi. Siku zote 31 zikijaa, shilingi inayofuata inakosa pa kwenda, inaangukia kwenye nafasi ya ishara.

Mimi nililielewa zaidi kwa mizani ya saa, ile ya kuning'iniza kwenye chama cha kahawa. Mzani ni wa kilo 100. Mtu ananing'iniza gunia la kilo 104, mshale unazunguka wote, unasimama kwenye 4. Mkulima aliyelala anaandikiwa 4. Sahani ya kijana wetu ilikuwa na alama 4,294,967,296, nusu moja imeandikwa chanya kuanzia sifuri, nusu nyingine hasi. Mwisho wa chanya ni 2,147,483,647. Asubuhi ile zilikuwa zimebaki shilingi 378,347 tu kufika hapo, na mama wa mitumba akaja na 612,000. Mshale ukavuka, ukaangukia mwanzo wa nusu ya hasi, halafu ukaanza kupanda kuelekea sifuri. Ndiyo maana mwenyekiti aliniona narudisha.

Mjukuu akanifariji kwamba si sisi peke yetu. Desemba 2014 YouTube nao walilazimika kubadilisha kihesabio chao kwa sababu video ya PSY wa Korea ilikuwa imezidi namba hiyohiyo ya watazamaji. Na kuna kompyuta za zamani zinazohesabu saa kwa sekunde tangu Januari 1, 1970, ndani ya biti 32 hizohizo; zitajaa Januari 19, 2038, kwa saa zetu saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi. Nitakuwa nimestaafu, Mungu akipenda.

Ningeondoka wakati huo nikapige simu, lakini mtori ulikuwa bado jikoni na baba mdogo alikuwa amechangamka. Akasema ile namba pungufu ya moja, 2,147,483,647, ni tasa. Haigawanyiki kwa kitu chochote ila moja na yenyewe. Nikauliza nani alikaa kuigawa kwa kila kitu. Akasema mzee mmoja Mswisi, Leonhard Euler, mwaka 1772, akiwa St. Petersburg kule Urusi. "Na alikuwa haoni, kama mimi. Jicho moja lilikufa mapema. La pili lilikuwa na mtoto wa jicho, wakalifanyia upasuaji mwaka 1771, haikufaulu." Akanyamaza kidogo. Wote tulijua yeye yuko kwenye foleni ya nini.

Halafu akaendelea na Euler, na hapa ndipo nilipomwonea wivu huyo Mswisi, kwa sababu ni kazi ya ukaguzi hasa. Ili kuthibitisha namba ni tasa unatakiwa uijaribu kwa kila namba tasa mpaka kipeuo chake cha pili, ambacho hapa ni elfu arobaini na sita na ushee. Hizo ni namba tasa zaidi ya elfu nne. Euler hakuzijaribu zote. Namba hii imetengenezwa kwa mbili iliyojizidisha mara 31, pungufu ya moja, na hilo linavibana vigawo vyake: kigawo chochote lazima kikigawanywa kwa 31 kibakize moja, na kikigawanywa kwa nane kibakize moja au saba. Ukiyaunganisha masharti hayo, watuhumiwa wanabaki wa aina mbili tu, wale wanaozidi kigawe cha 248 kwa moja, na wale wanaokizidi kwa 63. Ukiiacha 63 yenyewe, ambayo si tasa, hawafiki hata mia nne. Ni 372. Tena wengi wao si tasa, kwa hiyo unawaruka. Wa kwanza wa kujaribiwa kwa haki ni 311, na inabaki 35. Anayefuata ni 1,303, inabaki 226. Hizo mbili nilizigawa mwenyewe palepale, kwa mkono, nikisubiri mtori.

Kamati yetu ya usimamizi ilikuwa na watuhumiwa watatu na ikaanza na aliyecheka.

Kuna jingine nililiandika nyuma ya daftari. Zidisha tasa hiyo kwa 1,073,741,824, ile fedha ya tarehe thelathini na moja, unapata 2,305,843,008,139,952,128. Vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha yenyewe, kama 6 ilivyo moja na mbili na tatu, au 28. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba huenda hiyo itabaki kuwa kubwa kuliko zote za aina yake zitakazowahi kupatikana, kwa sababu namba hizi ni za kustaajabisha tu, hazina faida, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine mbele yake. Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. "Hazina faida! Mpelekee mwenyekiti wako." Wametafuta, bila shaka, na wamepata nyingi zaidi.

Jioni nikampigia kijana wa Arusha. Sikumweleza chochote. Nilimuuliza tu, "Jumla umeihifadhi kwenye biti ngapi?" Simu ikawa kimya muda mrefu, nikasikia pikipiki zinapita kwake. Akasema, "Dada, nipe nusu saa." Akabadilisha kuwa biti 64. Sasa mwisho wetu ni 9,223,372,036,854,775,807, na saccos ile haitaufikia hata mlima ukiwa wa dhahabu. Nilipomsomea baba mdogo kwa simu alijumlisha jambo kichwani, akasikitika. "Hiyo si tasa. Inagawanyika kwa saba. Tena mara mbili."

Kisanduku kilirudi kijani. Barua ya kunirudisha kazini ilikuwa na mistari miwili na haikutaja neno kosa. Lakini Jumapili ile mwenyekiti alikuja nyumbani na mzee mmoja wa ukoo wao, mkononi ameshika jani la isale. Uchagani mtu akikuletea isale huwezi kumkatalia, hata kama moyo bado unachemka. Wangu ulikuwa unachemka. Nikawakaribisha ndani, nikawapa chai.

Baba mdogo alifanyiwa upasuaji Agosti, jicho la kulia kwanza. Siku ya pili baada ya kufunguliwa bandeji nilikwenda kumwona. Alikuwa barazani, anatazama migomba jani moja moja kana kwamba anaikagua. Akaniuliza kama ninayo ile karatasi. Ninayo, huwa inakaa ndani ya leja. Akaishika mbali, akaileta karibu, akaipeleka mbali tena, kidole kinashuka mstari kwa mstari kwenye mwandiko ambao hakuwahi kuuona. Mstari wa saba kikasimama.

"Hii ni witiri."

Nikainama. Nilikuwa nimeandika 33,554,423.

"Mimi nilikutajia 33,554,432," akasema. "Toa."

Nikatoa. Ikabaki tisa.